Hiyo pesa ishaenda China

Shemeji yangu ni fundi wa nguo huko Kayole, Nairobi. Kibanda chake ni cha mabati, vyerehani viwili na kioo kimoja chenye ufa, na kwa miaka mingi kila gauni alilomaliza alikuwa analikunja, analitia mfukoni, anamtuma mtoto kwa fundi wa mtaa wa pili likapigwe ovaloki, ule mshono wa kuzuia kingo zisifumuke. Unalipia kila nguo, na bado unangoja zamu. Mwaka jana akachoka. Tukashuka mjini pamoja, tukaingia jengo moja la vibanda karibu na barabara ya Luthuli, orofa ya pili, pale ambapo mlango mmoja una maduka manne na kila duka ni upana wa mtu aliyenyoosha mikono.

Mashine ya ovaloki aliyoitaka haikuwepo. Picha yake ilikuwepo, kwenye simu ya mwenye duka.

"Mzigo uko njiani, mama. Weka nusu nikuandikie yako. Zikifika hizi zinaisha siku hiyo hiyo."

Bei ilikuwa Sh34,000. Shemeji akatuma Sh17,000 kwa namba ya Till, akaandikiwa risiti. Chini ya risiti mwenye duka akagonga muhuri wa wino wa zambarau: MALIPO YA AWALI HAYARUDISHWI. Tarehe ya mzigo kufika haikuandikwa popote. Ilisemwa kwa mdomo: wiki sita, saba hivi.

Wiki ya 12 mzigo haujafika, karo imefika. Shemeji akapiga simu kuomba pesa zake. Jibu alilopewa ndilo limenikalisha kuandika haya, maana halikuwa na ukali wala ujanja. Lilitoka kwa mtu aliyechoka: "Mama, hiyo pesa ishaenda China."

Naamini ilikuwa imeenda kweli, na hapo ndipo penye ugumu. Laiti angekuwa tapeli, makala haya yangekuwa mafupi: matapeli wa mtandaoni wanaouza viatu vya picha tunawajua, na dawa yao ni polisi. Huyu ana duka, ana mlango, ana jina ukutani. Alichukua pesa ya fundi wa Kayole akaitumia vile alivyosema ataitumia. Lakini shemeji alibaki bila pesa na bila mashine, akishika karatasi inayomwambia kuwa hilo ni kosa lake mwenyewe.

Fuata njia ya hizo Sh17,000 uone. Kiwanda au muuzaji wa jumla wa Guangzhou au Yiwu kwa kawaida hutaka asilimia 30 ya bei ndipo aanze kazi, na asilimia 70 iliyobaki kabla mzigo haujapakiwa. Hakopeshi mtu wa orofa ya pili asiyemjua. Tena ana kiwango cha chini: hakuuzii mashine mbili, anakuuzia 20. Kontena zima ni la wakubwa, kwa hiyo mfanyabiashara wetu hupeleka mzigo kwa ejenti anayekusanya bidhaa za watu wengi kwenye kontena moja na kutoza kwa mita ya ujazo. Hapo mzigo hungoja kontena lijae. Likijaa, ni bahari hadi Mombasa, reli au lori hadi Nairobi, ushuru, kisha foleni ya kutenganisha mzigo wa huyu na wa yule. Mahali popote katika safari hiyo siku kumi zinaweza kupotea bila mtu yeyote kufanya kosa.

Sasa tafuta nani katika mnyororo huo anamkopesha mwenye duka. Kiwanda hakikopeshi. Ejenti hashushi mzigo kabla hajalipwa. Benki inataka hati ya shamba au kitabu cha gari. Mikopo ya simu ipo, lakini ile ni ya siku 30 na riba yake haingoji meli. Mtu pekee anayetoa pesa miezi mitatu kabla, bila riba, bila dhamana, bila hata kuuliza maswali, ni mteja. Malipo ya awali ndiyo mtaji wa bei rahisi kuliko wote jijini, na anayeutoa mara nyingi ni mtu maskini kuliko anayeupokea.

Sikutaka kuandika kabla ya kusikia upande wa pili, basi nilirudi pale dukani siku ya Jumanne asubuhi, wakati hakuna wateja wengi. Mwenye duka alinipa kiti cha plastiki, akatoa daftari la kurasa za mistari lenye jalada gumu jeusi. Mali bila daftari huisha bila habari, na huyu habari anazo. Kila oda ina mstari wake: jina, simu, kitu, bei, alicholipa. Pembeni mwa baadhi ya majina kuna alama ya msalaba kwa kalamu nyekundu.

"Hao ni akina nani?"

"Hao walipotea."

Walipotea kabla hajaanza kutoza chochote. Enzi hizo mtu alikuwa anasema "niagizie" na yeye anaagiza. Mzigo ukifika anapiga simu. Huyu ameshanunua kwingine, huyu amehamia Nakuru, huyu namba haipatikani. Nairobi mtu anaagiza kitu kimoja kwa wauzaji watatu kisha anachukua cha atakayemfikia kwanza, na haoni kama amemkosea mtu. Mwenye duka akainama, akavuta kutoka chini ya meza kitu kilichofunikwa leso iliyopauka. Ilikuwa mashine ya kudarizi ya kichwa kimoja. Mteja mmoja alimsihi amletee, hakuweka hata shilingi, hakurudi. "Hii iko hapa mwaka wa tatu. Nikiiuza bei niliyonunulia nafurahi." Akairudishia leso yake taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto.

Baada ya hiyo mashine ndipo akachonga muhuri.

Nilitoka pale nikimwelewa. Muuzaji mdogo anayeagiza kitu kwa jina la mtu fulani anahitaji mtu huyo awe na kitu cha kupoteza akighairi. Asiyetaka kukubali hilo hajawahi kuuza kitu. Kwa hiyo sisemi malipo ya awali yasiyorudishwa ni wizi. Ninachosema ni kwamba tumechukua nusu ya desturi ya kale sana na kuitupa nusu ya pili, na nusu tuliyoibakiza ni ile inayomfunga mnunuzi peke yake.

Desturi yenyewe ina jina katika Kiswahili, jina ambalo wakazi wengi wa Nairobi hulisikia kanisani kuliko sokoni. Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba Mungu ametupa "arabuni ya Roho mioyoni mwetu". Dukani tunasema diposi, tunasema kianzio, tunasema "acha kitu kidogo". Kamusi bado inalishika neno la zamani: arabuni, malipo ya kwanza ya kuthibitisha kwamba biashara imekubaliwa. Neno hili limesafiri. Kiebrania kinalo, na ndilo linalotumika katika Mwanzo 38, Tamari anapomdai Yuda kitu cha kushika hadi mwanambuzi aletwe, naye akaacha muhuri, kamba na fimbo yake. Wagiriki na Warumi wakalichukua, Waarabu wanalo kama urbuni, na Wafaransa mpaka leo wanaandika arrhes kwenye mikataba yao. Angalia sasa ni nani anayefungwa katika mifano hiyo. Yuda aliacha muhuri wake kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na deni la mbuzi. Katika barua ya Paulo, anayetoa arabuni ndiye aliyeahidi. Kitu kidogo kinatangulia ili kumhakikishia mwenzako kwamba kikubwa kinafuata.

Katika biashara ya kuuza na kununua, sheria ya Kirumi ya enzi za Kaisari Justinian, karne ya 6, ililiweka jambo hili kwa namna ambayo mpaka leo sijaona iliyo bora. Mnunuzi akighairi, anapoteza arabuni. Muuzaji akighairi, anairudisha mara mbili. Napoleon alipoandikisha sheria za kiraia za Ufaransa mwaka 1804, kanuni hiyo iliingia kama kifungu cha 1590, na bado iko: aliyetoa akijitoa anaipoteza, aliyepokea akijitoa anarudisha maradufu. Mwenye duka wa Paris anayegonga muhuri wa "hayarudishwi" anajua kwamba muhuri huo una upande wa pili ambao hakuuchonga yeye.

Wanazuoni wa Kiislamu nao waliligombania jambo hili vikali, na mabishano yao yanafaa kusikilizwa Eastleigh na Biashara Street, ambako wauzaji wengi wanayajua kuliko mimi. Wengi wao, wakiwemo Mashafii ambao ndio madhehebu ya pwani yetu, waliukataa uuzaji wa urbuni. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleza: muuzaji anabaki na pesa ya mtu bila kumpa chochote badala yake, na mnunuzi anaingia gizani asijue mwisho wake. Mahanbali, madhehebu mengine, wakauruhusu, wakitegemea habari ya Nafi bin Abdul Harith aliyemnunulia Khalifa Umar nyumba ya Safwan bin Umayya huko Makka ili iwe gereza, kwa sharti kwamba Umar asiporidhika Safwan atapata sarafu 400. Mwaka 1993 Majmaa ya kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la wanazuoni wa sheria ya dini, ilipokutana Brunei, iliruhusu urbuni, lakini kwa sharti moja ambalo ningependa lichongwe kwenye kila muhuri wa zambarau wa jiji hili: muda wa kungoja uwe umewekwa.

Muda. Risiti ya shemeji ilikuwa na kila kitu isipokuwa muda. Bila tarehe, muuzaji hawezi kukosea. Wiki ya saba yuko sawa, wiki ya 12 yuko sawa, wiki ya 30 bado "mzigo uko njiani". Mnunuzi peke yake ndiye anayeweza kuvunja makubaliano, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyepewa kitu cha kuvunja. Karatasi ya namna hiyo mimi siiiti arabuni. Ni mkopo usio na riba wala siku ya kulipwa, na mkopeshaji akidai anaambiwa amesahau kusoma muhuri. (Waswahili wana kitenzi kurubuni, kumvuta mtu kwa hila mpaka akubali. Masikioni kinakaribiana mno na arabuni, na kuna maduka ambako hata maana hazipishani sana.)

Kuna swali la kiasi pia, ambalo naona tunalipita haraka. Sheria yetu ya mikataba tuliirithi kutoka Uingereza, na huko, tangu kesi moja maarufu ya 1884, mahakama zinatofautisha diposi na malipo ya sehemu. Diposi ni dhamana ya kwamba mnunuzi ana nia, na akikimbia inapotea. Malipo ya sehemu ni bei yenyewe inayolipwa kidogo kidogo, na mkataba ukifa, hurudi, muuzaji akikata hasara yake halisi. Jina lililoandikwa kwenye karatasi halitoshi. Mwaka 1993 Baraza la Mahakama la London (Privy Council), likisikiliza rufaa kutoka Jamaica, lilikutana na benki iliyouza jengo kwa mnada na kudai diposi ya asilimia 25. Mnunuzi akachelewa, benki ikashika zote. Majaji wakaamuru zirudishwe, kwa hoja kwamba desturi ya diposi katika mauzo ya ardhi ni asilimia 10, na anayechukua zaidi lazima aonyeshe sababu ya pekee. Asipoweza, hiyo ni adhabu iliyovaa nguo za diposi. Uamuzi huo haumfungi hakimu wa mahakama za Milimani, Nairobi, lakini mawakili wetu wanaujua vizuri.

Pima basi. Mtu akinunua ploti Kitengela, kwa desturi anatanguliza asilimia 10. Fundi wa Kayole akinunua ovaloki anatanguliza 50, na mimi nimeona kurasa za Instagram zinazotaka 70, nyingine zinataka zote. Ukimuuliza muuzaji kwa nini nusu, atakujibu kwamba ndivyo kila mtu anavyofanya. Swali ninalotaka ajiulize ni lingine: nikibaki na kitu hiki kwa sababu mtu huyu ameghairi, nitapoteza shilingi ngapi? Ovaloki ya kawaida, inayoisha siku ileile inapofika kama alivyotuambia mwenyewe, hasara yake ni simu mbili na siku moja ya rafu. Kubaki na Sh17,000 hapo hakuna maelezo. Mashine ya kudarizi iliyolala chini ya leso miaka mitatu ni habari nyingine kabisa. Kwa mashine kama ile mimi ningelipa hata asilimia 60 bila kunung'unika. Kiasi kifuate ugumu wa kukiuza kitu kwa mtu mwingine. Keki yenye jina la bibi harusi haiuziki kwa mwingine hata kidogo, na suti iliyokatwa kwa kipimo changu haimkai mtu, hivyo mwoka keki na fundi wa suti wana haki ya kushika zaidi ya muuza simu. Ajabu ni kwamba hapa kwetu mwoka keki wa mtaani ndiye anayekubali Sh500 ya kuanzia, na muuza simu ndiye anayegonga muhuri.

Sheria za Kenya hazikumwacha mteja mikono mitupu. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa haki ya kupata habari za kutosha juu ya anachonunua, kulindwa kwa maslahi yake ya kiuchumi, na kufidiwa akipata hasara kwa sababu ya bidhaa au huduma mbovu. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inayazungumzia makubaliano ambayo bidhaa italetwa baadaye, na inamtaka anayeuza mtandaoni aweke habari muhimu wazi kabla mteja hajakubali, ili mteja apate nafasi ya kukubali au kukataa. Na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, ambayo ni ya tangu enzi za ukoloni, inahifadhi haki ya mnunuzi kudai pesa alizolipa pale ambapo hakupata alicholipia. Muhuri wa zambarau unaweza kumzuia mteja aliyebadili mawazo. Hauwezi kumlinda muuzaji asiyeleta mali. Hilo la pili wauzaji wengi hawalijui, na wanunuzi ndio kabisa.

Kwa Sh17,000 hutaki wakili. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016 na kufungua milango Milimani mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, mtu anaweza kujisimamia mwenyewe, na kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60. Wachache huenda. Siku moja ya kukaa Milimani ni siku moja ya kibanda kufungwa, na mwenye duka pia analijua hilo.

Hatari ninayoiogopa zaidi lakini haimo kwenye muhuri. Imo kwenye daftari. Pesa ya oda ya leo ikisaidia kulipia mzigo wa oda ya jana, duka linaendelea kwa kufukua shimo hili kufukia lile. Siku zote ni salama, hadi shilingi iteleze. Na shilingi iliteleza: mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa karibu Sh123, Januari 2024 ikagusa Sh160, kisha ndani ya miezi michache ikarudi karibu Sh130. Aliyechukua oda katikati ya 2023 kwa bei aliyoiandika na kuahidi, akaja kulipa ile asilimia 70 mwisho wa mwaka, alikuta faida yake yote imeliwa na dola. Wengine walipiga simu kuomba wateja waongeze. Wengine walizima simu. Wale walioagiza Januari 2024 na kupokea Mei, je, kuna aliyepunguziwa bei? Mimi sijakutana naye.

Waingereza walikwisha kuliona jambo hili kwa ukubwa wake. Oktoba 2006 kampuni ya Farepak ilianguka. Ilikuwa ikipokea akiba za Krismasi kutoka kwa familia za kipato cha chini, kidogo kidogo mwaka mzima, ili Desemba wapate vocha na vikapu vya vyakula. Watu zaidi ya 100,000 walikuta kwamba akiba zao zilikuwa zimeingia kwenye mzunguko wa kampuni mama pamoja na pesa nyingine zote, na mbele ya sheria wao ni wadai wasio na dhamana, wa mwisho kwenye foleni, nyuma ya benki. Hakuna aliyeiba vikapu. Pesa tu hazikuwa zimetengwa.

Mteja wa Luthuli yuko mahali palepale, hata kama anasema "mashine yangu". Si yake. Mashine 20 zinazofanana ndani ya kontena hazina mwenyewe kati ya wateja mpaka moja itengwe na kuwekewa jina. Juni 25, 2025, maduka ya katikati ya jiji yalipovunjwa na kuporwa wakati wa maandamano, nilimfikiria mtu aliyekuwa ameweka nusu kwa kitu ambacho kilikuwa kimefika asubuhi ile. Kisheria, kilichoporwa ni cha mwenye duka, na deni analodai mteja linabaki palepale. Nenda sasa ukamdai mtu anayefagia vioo.

Nikimwambia mwenye duka atenge pesa za oda kwenye akaunti yake ya pekee, atanicheka, na ana haki: pesa hizo ndizo zinazoenda China, zikitengwa hakuna mzigo. Kwa hiyo sidai hilo. Ninadai tarehe, kiasi kinachoelezeka, na upande wa pili wa fundo, ule unaomfunga muuzaji. Mara mbili ya Wafaransa najua haitapita Luthuli. Lakini "tarehe ikipita unarudishiwa zote" inapita, kwa sababu muuzaji ndiye anayejua mzigo uko wapi, ejenti gani husuasua na meli gani haijang'oa nanga. Anayejua ndiye abebe hatari ya kuchelewa. Na mteja akighairi kabla, basi aruhusiwe kuleta mtu mwingine achukue nafasi yake kwa bei ileile. Muuzaji hapotezi hata senti, na bado wauzaji wengi hukataa, jambo ambalo sijapata kulielewa.

Mashine ya shemeji ilifika wiki ya 15. Ni nzuri, inapiga kelele kama posho mill, na sasa fundi wa mtaa wa pili ndiye anayemletea nguo nyakati umeme wake ukizimwa. Karo alikopa kwenye chama.

Mwezi uliopita alitaka mashine ya matundu ya vifungo. Haikuwepo, picha ilikuwepo. Nilifikiri ataenda duka jingine, akaniambia la, huyu angalau anashika simu. Tukapanda ngazi zilezile. Bei Sh45,000, "weka nusu, mama". Shemeji akatoa kwenye mkoba ile risiti ya zamani, akaikunjua juu ya kioo cha meza, akaweka kidole pale ambapo tarehe ilipaswa kuwa.

"Hapa niandikie siku."

Mwenye duka akatazama kalenda ya ukutani, akahesabu kwa midomo, akaandika.

"Na isipofika?"

Akanyamaza. Nje kwenye korido mtu alikuwa anaburuta katoni. Akachukua muhuri, akaugonga kwenye kidau cha wino, akaugonga kwenye risiti mpya kama kawaida: MALIPO YA AWALI HAYARUDISHWI. Kisha akashika biro, na pembeni ya wino uliokuwa haujakauka akaongeza kwa herufi ndogo, ila siku ikipita. Shemeji akaisoma mara mbili, akamwomba atie sahihi juu ya hayo maneno, akatuma Sh9,000.

"Nusu ni ishirini na mbili na nusu, mama."

"Najua," akasema shemeji, na kuufunga mkoba.